Mtu Haambiwi Msiba Akiwa Njiani

Kama uamuzi ungekuwa wa Cherotich peke yake, safari ya Busan isingefanyika. Mama yake kule Kericho alikuwa ametoka hospitali miezi michache tu iliyopita, na ingawa alikuwa ameshaanza tena kugombana na kuku wake, dalili kwamba amepona, binti yake alisitasita. Aliyemsukuma ni rafiki yake Faida.

"Mama amepona, vraiment, kweli kabisa," Faida alimwambia walipokuwa wakinywa chai kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na Liverpool, ile ya Sydney, Australia. "Wagonjwa ni sisi. Kila siku kuinua watu, kuogesha watu, kulisha watu. Na wewe kila siku Korea, Korea. Bon, twende tuione hiyo Korea, ikutoke mu kichwa."

Ni kweli Cherotich alikuwa na ugonjwa wa Korea. Tamthilia za huko alizitazama kwenye treni ya kurudi kwake Penrith, na zaidi ya mara moja alipitishwa kituo huku akimlilia msichana wa kwenye simu aliyeachwa ufukweni na mchumba tajiri. Ufuko huo uko Busan, mji wa bandari kusini mwa Korea, naye alikuwa ameapa kwamba siku moja ataukanyaga mchanga wake. Faida hakujali tamthilia. Yeye ni mzaliwa wa Uvira, alipita kambi mbili kabla ya kuletwa Australia kama mkimbizi, na maisha yake yote hakuwahi kupanda ndege kwa ajili ya starehe. Alitaka kujua inakuwaje mtu anapofunga mizigo bila kukimbia chochote.

Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kama watu wanavyopenda kusema bila kusikiliza maneno yenyewe. Cherotich ndiye aliyemfundisha Faida kuendesha gari, Jumapili mchana, kwenye barabara za viwandani kule Ingleburn alikoishi Faida, malori yakiwa yamepumzika. Faida naye ndiye aliyekaa kitini kando ya kitanda siku Cherotich alipopasuliwa tumbo, akakataa kuondoka hata wauguzi walipomfukuza. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, Cherotich alimtumia kaka yake Kiprono namba ya Faida. "Simu yangu ikizima mpigie huyu," alimwambia. "Huyu ni mimi."

Siku ya kwanza Busan ilikuwa tamu, na Faida angeitamani baadaye kama mtu anavyotamani chakula alichokimwaga mwenyewe. Walifika ufuko wa Haeundae mchana, jua jepesi, maghorofa ya vioo yamejipanga nyuma ya mchanga. Cherotich alivua viatu akakimbilia maji, yakamng'ata kwa baridi, akarudi akipiga mayowe. Wazee wa Kikorea waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama kumtazama, naye akawainamia kwa adabu kama alivyoona kwenye tamthilia, nao wakamwinamia.

"Ona, wananijua!" alisema. "Piga picha, Faida. Hapana, usinikate miguu. Watu wa nyumbani watasema nimesimama mbele ya picha ya studio."

Simu ilikuja asubuhi iliyofuata. Cherotich alikuwa bafuni akiimba. Faida aliona namba ya Kenya, akatoka kwenye ujia wa hoteli.

"Dada Faida, uko peke yako?" aliuliza Kiprono.

Swali hilo halijawahi kutangulia jambo jema. Faida aliegemea ukuta.

"Mama ametuacha," Kiprono alisema. "Jana. Alilala mchana, hakuamka. Sasa sikiza. Cherotich asijue. Unajua vile hizi vitu hufanywa. Mtu haambiwi msiba akiwa njiani. Mwache amalize safari, afike kwake Penrith, watu wakiwa hapo wa kumshika. Halafu aambiwe."

"Na mazishi?"

"Tutamngoja. Wiki ijayo. Atakuja azike mama yake. Wewe mtunze tu."

Faida alikubali. Hakuona hata jambo la kubishia, kwa kuwa kwao Uvira desturi ni hiyo hiyo, na alijua mwenyewe habari kama hiyo humfanya nini mtu aliye ugenini. Ni desturi nzuri, tena ya huruma. Ilitungwa wakati ambapo aliye njiani alikuwa peke yake, kwa miguu, na mto mbele yake, na kumwambia ilikuwa sawa na kumuua. Tatizo la desturi ni kwamba haina macho. Haiinui kichwa ikaona ndege zinapita.

Kiprono alikuwa amewaarifu na watu wa Sydney, na kabla ya adhuhuri kundi la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa. Waafrika wa Sydney wakipata msiba, kundi hutangulia na machozi hufuata. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mugambi, mtu ambaye ukimweka kwenye foleni ya choo ataitisha uchaguzi wa kiongozi wa foleni, na atashinda. Aliwaingiza watu wote wanaomjua Cherotich, kuanzia Penrith hadi Campbelltown, wakiwemo wawili waliokuwa hawasemeshani naye. Ujumbe wake wa kwanza ulisema: "Wapendwa, habari hii isimfikie mhusika. Dada Faida yuko naye na anatuhakikishia." Zikafuata alama za mikono inayosali, moja baada ya nyingine, mpaka simu ya Faida ikapata joto mfukoni.

Siku hiyo walipanda kijiji cha Gamcheon, kile cha nyumba zilizopakwa rangi zote za dunia na kubandikwa mlimani, hii juu ya kichwa cha ile. Kwenye ngazi za juu, mahali bahari inapoonekana, Cherotich alimpa Faida simu yake.

"Nirekodi. Nataka kumwonyesha mama. Huyo mwanamke hajawahi kuona bahari, umri wake wote ni majani chai tu." Akanyoosha mkono nyuma yake, akaongea Kikalenjin haraka haraka, akicheka, akionyesha maji, meli, nyumba za rangi. Faida hakuelewa maneno. Alishika simu kwa mikono miwili ili isitikisike.

Video ilikwenda ikabaki na alama moja ya kijivu. Cherotich alipiga, haikuita. Akampigia Kiprono, naye akamjibu kwa sauti nyepesi kabisa kwamba simu ya mama imeanguka kwenye maji ya kuoshea vyombo, na mama mwenyewe ameenda kwa shangazi kule Litein.

"Huyo mama na simu!" Cherotich alimwambia Faida. "Hii ni ya tatu."

Faida akacheka. Alijisikia akicheka, na alishangaa jinsi kicheko kilivyotoka vizuri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa na ukoo mzima na jumuiya ya Sydney wakiitengeneza mbele yake, na ilizidi kurefuka.

Alhamisi walikwenda masokoni. Kericho ni baridi, na Cherotich alikuwa amesikia kwamba Wakorea wanajua kushona koti la kuzuia baridi. Walipata duka lenye makoti mepesi yaliyojazwa manyoya, na Cherotich akachagua la rangi ya zambarau.

"Vaa wewe," alimwambia Faida. "Mama ni mwili wako huo huo. Hata mabega."

"Jaribu wewe."

"Mimi ni mwembamba, si unaona? Vaa bana, usinichoshe."

Faida akavaa. Cherotich akampandishia zipu mpaka shingoni, akamgeuza, akamvuta mikono ya koti, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama kwa upendo ambao haukuwa wa Faida. Faida alitaka kulia, akajifanya anapiga chafya. Muuzaji, mama mtu mzima, alipiga makofi na kusema neno ambalo bila shaka lilikuwa la sifa. Koti likanunuliwa.

Wakiwa bado kwenye kundi la watu nje ya duka, ujumbe wa Mugambi ukaingia: mazishi Jumamosi hii. Faida alisingizia choo, akampigia Kiprono.

"Ulisema wiki ijayo!"

"Dada, si mimi. Wazee wameamua. Wiki ijayo kanisa lina mkutano mkubwa, askofu hatapatikana. Halafu mama kukaa chumba baridi muda wote huo kama mtu asiye na watu, wazee hawataki."

"Na Cherotich?"

"Ataona kwa video. Hata angeambiwa sai, angefika akiwa hajui yuko wapi. Ni afadhali hivi."

Faida alisimama pale na simu mkononi, akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alitafuta ndege. Kulikuwa na moja usiku ule ule, Busan hadi Seoul, halafu mbele, ambayo ingemfikisha Cherotich Nairobi Ijumaa jioni. Kutoka pale ni safari ya gari tu. Nafasi zilikuwepo. Aliitazama ile ndege mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe.

Walikula chakula cha mchana soko la samaki la Jagalchi, ambako unamchagua samaki chini akiwa hai na kumkuta juu akiwa amekaangwa. Wamama wenye aproni za mpira walikuwa wakipigiana kelele juu ya beseni za pweza. Faida hakugusa kitu. Alikuwa ameamua. Alishika ukingo wa meza.

"Chero."

"Nini?" Cherotich aliinua uso, mashavu yamejaa wali, machozi yanamlengalenga kwa pilipili, na furaha tele. Faida hakuwahi kumwona na uso ule miaka yote ya zamu za asubuhi na zamu za usiku. Ulikuwa uso wa mtu ambaye mama yake yu hai.

"Una pilipili kwa kidevu," Faida alisema.

Basi. Nafasi ilikuwa hiyo, na hivyo ndivyo alivyoitumia. Wanasema mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mjumbe hupendwa, na Faida alitaka kupendwa kwa siku chache zaidi. Hiyo ilikuwa sehemu ya ukweli. Nyingine ni kwamba aliogopa kumwona anaanguka katikati ya wale pweza, wageni wakimzunguka kwa lugha isiyoeleweka. Hizo sababu mbili zilikuwa zimesukwa pamoja, na hata yeye hakuweza kuzitenganisha. Usiku ule ndege iliondoka bila wao, wakiwa wanatazama daraja la Gwangan likiwashwa taa.

Jumamosi walipanda gari la waya linalovuka bahari ya Songdo, lenye sakafu ya kioo. Waliposhuka ilikuwa inaelekea jioni, na Kericho ilikuwa saa za ibada. Faida alimpa Cherotich mkoba wake.

"Nishikie. Tumbo linaniuma."

"Ni ile supu ya jana. Nilikuambia."

Faida alijifungia kwenye choo cha ufukweni, safi kama zahanati, akaweka vidude masikioni, akafungua matangazo ya mazishi. Aliona hema jeupe. Aliona jeneza la rangi ya maziwa, na picha ya mama juu yake, mabega yale yale. Mtangazaji alisema binti wa marehemu aliye Australia anafuatilia kwa njia ya mtandao, na watu wakageukia kamera, wakampungia mkono. Shangazi mmoja alifika karibu kabisa na kuita, "Cherotich, mama, pole!" Faida aliyekuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo cha Busan aliinua mkono kidogo, akaushusha.

Walipofika wakati wa kutupa udongo, mlango uligongwa.

"Faida? Uko sawa? Nimekuletea dawa." Cherotich alikuwa amekimbia hadi duka la dawa, akamweleza muuzaji kwa kushika tumbo na kukunja uso mpaka akaeleweka. "Nipitishe chini ya mlango?"

"Pitisha," Faida alisema. Kidonge kikaingia chini ya mlango, na kwenye simu watoto wa marehemu wakaitwa kwa majina kutupa udongo. Walimwita Cherotich pia, kwa heshima, na Kiprono akatupa kwa niaba yake.

Jumatatu asubuhi walitua Sydney. Faida alisema atamsindikiza mpaka Penrith.

"Kwani umenogewa na mimi?" Cherotich alimtania. "Ingleburn ni upande mwingine kabisa. Nenda ulale."

"Nakusindikiza."

Cherotich alilala begani mwa Faida kwenye treni karibu njia yote. Kutoka kituoni walichukua teksi. Walipokata kona, Cherotich aliona magari, mengine yamepandishwa juu ya nyasi, na uani viti vya plastiki, na wanawake waliojifunga leso wakipita na sufuria. Mpangaji mwenzake alikuwa ameufungua mlango wazi. Hakuna Mkenya anayehitaji kusomewa mambo hayo. Mkono wake ulibaki kwenye kitasa cha teksi.

"Ni nani?" alimuuliza Faida.

Mzee Mugambi alikuwa anakuja, amevaa tai, hotuba yake tayari mdomoni. "Binti yetu Cherotich, karibu nyumbani, kwanza tuombe..."

"Faida, ni nani?"

"Mama," Faida alisema.

Watu walimshika, kama ilivyopangwa. Alianguka kwenye mikono ya wanawake watano waliokuwa wakingoja aanguke, na Mugambi akaomba, na pambio zikaimbwa, na chai ikapita. Lazima isemwe kwamba kila kitu kilifanywa vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba mama alishazikwa Jumamosi. Alijua mwenyewe alipouliza kuhusu tiketi ya kwenda kuzika, na chumba kizima kikatazama zulia.

Alasiri, watu walipopungua, alimwita Faida nyuma ya nyumba, penye kamba ya kuanikia nguo. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Ulijua ukivaa lile koti."

"Nilijua."

"Na Jumamosi, pale chooni?"

"Nilikuwa naangalia mazishi."

Cherotich alifikiri. "Kwa hiyo wewe ulikuwa kwa mazishi ya mama yangu," alisema polepole, "na mimi nilikuwa nimekushikia mkoba. Watu wa nyumbani wanaona status yangu, nimesimama kwa gari la waya nikicheka, na mama anateremshwa."

"Wao ndio walisema, Chero. Kaka yako. Mugambi. Wazee."

"Sikuulizi juu ya wao. Sikusema wao ni mimi. Nilitoa namba yako, nikasema wewe ndiye mimi."

Hapo Faida akatoa alichokuwa nacho. Hakuwahi kumsimulia mtu Australia nzima. Alisema: nilikuwa msichana, nimepanda lori toka Uvira kwenda Bukavu kuuza mafuta ya mawese, nikae huko juma nzima. Lori ilisimama Kamanyola, katikati ya njia. Mwanaume mmoja, hata jina yake siijui, akaniangalia tu akapaza sauti mbele ya watu wote, "Wewe si binti ya Akilimali? Baba yako amekufa hii asubuhi." Vile tu, kama mutu anauliza bei ya nyanya. "Nilianguka mu matope, Chero. Watu walinipita juu. Wengine walicheka, walizani nimelewa. Yule mutu nimemchukia mpaka leo. Nikaapa mutu wangu sitamfanyia vile. Hapana. Juu ya ile ndio nilinyamaza."

Alikuwa analia. Alitegemea kwamba Cherotich, aliyekuwa akilia kwa ajili ya wasichana wa kwenye simu, angemfungulia mikono.

"Halafu?" Cherotich aliuliza.

"Halafu nini?"

"Ulipoinuka kwa hayo matope. Ulienda wapi?"

"Nilipanda gari ingine. Nikarudi Uvira."

"Ukafika?"

Miaka yote Faida alikuwa ameibeba ile habari ya Kamanyola, akaisimamisha pale pale kwenye matope, hakuwahi kuiendeleza mbele hata hatua moja. Sasa aliona kilichofuata: jioni ya Uvira, ndugu zake wakisogea kumpisha kando ya kaburi, udongo wenye unyevu mkononi mwake.

"Nilifika," alisema. "Walikuwa bado hawajafunika."

"Basi yule mtu alikutendea wema," Cherotich alisema. "Wewe ulimzika baba yako."

Akakusanya leso yake, akarudi ndani kwa watu.